Kuuliza Mbele ya Bucha

Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, Paulo anawapa Wakristo ruhusa ambayo nimeishi nayo, na kubishana nayo, tangu nilipoanza kazi ya kukagua nyama: kinachouzwa sokoni wakile, wasihojihoji kwa ajili ya dhamiri. Wachungaji wetu wanaupenda mstari huu. Unazima haraka ubishi wa nyumba ambamo Mlutheri ameoa Msabato, au Mmoraviani anakaa na Mpentekoste, na kitimoto kimeletwa mezani. Mimi pia naupenda. Ila nimefika mahali pa kusema kwamba tunautumia kujifichia jambo ambalo Paulo hakuwa akilizungumzia.

Pale Korintho sehemu ya nyama ya sokoni ilitoka mahekaluni, baada ya mnyama kutolewa kwa sanamu. Muumini mwenye wasiwasi alitaka kujua: hii nimnunuliayo mwanangu, je, iliwahi kuwekwa mbele ya mungu wa uongo? Paulo alikuwa ameshajibu katika sura ya 8 kwamba sanamu si kitu, na hapa anaongeza kwamba dunia na vyote viijazavyo ni vya Bwana. Swali lao halikuwa na kitu ndani yake, ndiyo maana aliwaruhusu waliache. Maswali yanayonikosesha usingizi mimi yana vitu ndani yake: dawa iliyobaki kwenye paja la kuku, ndege aliyenenepeshwa hadi miguu ikashindwa kumbeba, kijana anayekata nyama kwenye baridi usiku kucha na hapewi nafasi ya kusali. Hivyo vyote vipo, na haviondoki kwa kutouliza.

Tena Paulo mwenyewe aliacha mlango wazi. Mistari mitatu tu mbele anasema mtu akikwambia kwamba nyama hii imetolewa kwa sanamu, basi usile, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyekwambia. Ruhusa ya kula ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa ni mwenzako. Huo ndio mpaka ninaotaka tuurudie.

Nimezaliwa Ikombe, mashariki ya Matema, pale Milima ya Livingstone inaposhuka hadi majini na kuacha ukanda mwembamba wa ardhi. Mama zetu wa Kikisi wanafinyanga vyungu na kuvisafirisha kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo. Baba zetu wanavua usipa na mbasa. Malisho ni haba, hivyo nyama kwetu haikuwa chakula cha kila siku. Ilikuja na jambo: harusi, kipaimara, Krismasi, na zaidi ya yote msiba. Ng'ombe aliyechinjwa msibani alijulikana alikotoka. Ameletwa na wakwe kutoka bondeni kwa Wanyakyusa, au ni mtoto wa yule ng'ombe wa mahari ya fulani. Nyama iligawanywa kwa kufuata ukoo, na hata mtoto alijua kipande alichoshika kimepita mikononi mwa nani.

Sisemi kwamba wanyama wetu waliishi raha. Nimeona mbuzi aliyefungwa kamba fupi juani mchana mzima, na nguruwe aliyebebwa kichwa chini kwenye mti, akilia kutoka gati hadi nyumbani. Lakini aliyefanya hayo aliyafanya mbele za watu, na alikuwapo bibi wa kumwambia, mwanangu, huyo naye anasikia maumivu. Lawama ilikuwa na mahali pa kutua.

Baadaye nilisoma mifugo Mpwapwa, nikaajiriwa, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza machinjioni, nikiwa na kisu, buti na mhuri. Nimestaafu, nimerudi Ikombe, na katika usharika wetu wa Kilutheri mimi ni mzee wa kanisa. Watu wanadhani mkaguzi anaangalia nyama tu. Kazi inaanza mnyama akiwa hai. Unamtazama anavyosimama, anavyohema, kama pua ni kavu, kama manyoya yamesimama, kama anachechemea. Akishachinjwa unaanza na kichwa: ulimi, misuli ya taya, tezi za kooni unazichana kuona kama kuna usaha mkavu wa kifua kikuu. Mapafu unayakanda kwa kiganja. Ini unalipasua kwenye mirija kutafuta minyoo bapa. Moyo unaufungua. Kwa nguruwe unatafuta ulimini na kwenye misuli vile vifuko vya maji, vidogo kama punje za mchele wetu wa Kyela, ambavyo ndani yake amekaa mtoto wa tegu. Tegu huyo si jambo la kupuuza. Mayai yake, yakitoka kwenye kinyesi cha mtu na kuingia kwa mtu mwingine, yanaweza kuangua watoto wanaokwenda kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Katika nyanda zetu za juu kusini wapo watu wengi walioambiwa wamerogwa, kumbe ni tegu.

Kazi hiyo naiheshimu, na kila siku niliipiga mhuri nyama kwa dhamiri nyeupe kuhusu yale niliyoweza kuyaona. Kilichonisumbua kadiri miaka ilivyokwenda ni kwamba madhara yalihamia mahali ambapo kisu changu hakifiki. Dawa haina usaha wala kifuko. Nyama ya mnyama aliyechomwa sindano jana ina rangi ileile, harufu ileile, na tezi zake ni safi kabisa.

Mtoto wa kaka yangu anafuga kuku wa nyama Kyela mjini. Ni kijana mchapakazi, na banda lake ni safi kuliko mengi niliyoyaona. Vifaranga wa siku moja wanaletwa kwa basi wakiwa ndani ya maboksi, wanawekwa kwenye maranda chini ya taa, na wiki ya sita wanauzwa. Nilipomtembelea nilikuta pakiti tupu ya oksitetrasaiklini juu ya ndoo ya maji.

"Hii umewapa lini?"

"Juzi, shangazi. Walianza kukohoa."

"Na wanatoka lini?"

"Kesho. Mama ntilie wa stendi ameshatoa nusu ya hela."

Nikamwonyesha maandishi ya pakiti yanayotaja siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Alikuwa anazifahamu. Akaniambia kila siku anayosubiri kuku wanamaliza chakula kingine, na faida anayoitegemea kulipa ada inaliwa pale pale. Halafu akasema neno ambalo limekuwa chanzo cha maandishi haya: "Shangazi, tangu nianze biashara hii hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza."

Wateja wake ni waumini. Wengi wao ni washarika wenzangu, wengine wanaswali msikitini. Wote wanashukuru kabla ya kula.

Madhara ya kutouliza huku yanajulikana vizuri. Vijidudu vinavyoonjeshwa dawa kidogo kidogo ndani ya banda vinajifunza kuistahimili, kisha vinahamia kwa watu kwa njia ya nyama, mbolea, maji na mikono ya mfugaji mwenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu dawa za antibayotiki zilishindwa kuua vijidudu sugu. Si wote hao wameuawa na ufugaji. Hospitali na maduka ya dawa za binadamu yana sehemu yao kubwa. Lakini Umoja wa Ulaya uliona hatari ya kutosha hata ukapiga marufuku, kuanzia Januari 2006, kuwapa mifugo antibayotiki kwa ajili ya kuwanenepesha tu. Sisi tunazinunua dukani bila cheti. Mtoto wa Matema atakayelazwa na homa ya mapafu, na sindano isimsaidie, hatajua kamwe kwamba njia ya ugonjwa wake ilipita kwenye sahani ya mtu mwingine. Huyo ndiye mwenzangu ambaye Paulo aliniambia nimfikirie.

Na kuku mwenyewe? Hapa ndipo washarika wenzangu wanaponiona nimezidisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, waliwafuga pamoja kuku wa kizazi cha mwaka 1957 na wa mwaka 2005, chakula kilekile, banda lilelile. Katika siku 56 yule wa zamani alifikia takriban gramu 900. Wa sasa alivuka kilo nne. Moyo, mapafu na mifupa vinalazimishwa kukimbizana na mnofu. Yeyote aliyefuga kuku hawa anajua wale wanaokaa chini wiki ya tano na hawainuki tena, na wale wanaokufa ghafla wakiwa wazima. Mwaka 1965 kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza, baada ya kitabu cha Ruth Harrison kuhusu mashamba-viwanda kuamsha watu, ilisema mnyama anayefugwa apate angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Ni haki ndogo mno. Kuna mamilioni ya wanyama ambao hata hiyo hawajaipata.

Biblia ninayoisoma haiwaachi wanyama nje ya hesabu. Nuhu aliporuhusiwa kula nyama, ruhusa ilikuja pamoja na kizuizi cha damu, ili asisahau kwamba uhai si mali yake. Mithali inamtambua mwenye haki kwa anavyoujali uhai wa mnyama wake. Kitabu cha Yona kinanigusa kuliko vyote: Mungu anapomweleza nabii kwa nini ameuhurumia Ninawi, anataja watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, kisha anawataja wanyama wengi. Kitabu kinaishia hapo, kwa wanyama. Sijasikia mahubiri yaliyofika hadi kwenye maneno yale ya mwisho, na nimekaa kanisani maisha yangu yote.

Sheria yetu nayo si kimya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na miaka miwili kabla yake Bunge lilitunga Sheria ya Tasnia ya Nyama iliyozaa Bodi ya Nyama. Hata hivyo mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakitokea Kenya waliteketezwa kwa moto. Hofu ya mafua ya ndege ilikuwa ya kweli, na marufuku ya kuingiza kuku ilikuwa na sababu. Watu walilalamika, lakini wengi tuliowasikia walilalamikia mtaji wa mfanyabiashara na ujirani mwema. Viumbe 6,400 wa siku chache walizungumziwa kama shehena.

Ninavyoona, dini zetu nchini zimeielekeza dhamiri yote ya nyama kwenye dakika moja, ile ya kisu. Mwaka 2013 nchi iliumia kwa sababu hiyo. Mwezi Februari, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi kuhusu nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuza uligeuka vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Mwezi Aprili ghasia zikafika Tunduma, si mbali na kwetu. Vikao vya viongozi wa Serikali na wa dini vilikaa hadi mambo yakatulia. Nilikuwa machinjioni wakati huo, na ninakumbuka jinsi wachinjaji Waislamu na wachuuzi Wakristo, watu waliokuwa wakinywa chai kikombe kimoja, walivyoanza kutazamana pembeni. Damu ya mtu ilimwagika kwa swali la nani ashike kisu, na kwa upande wowote sikusikia mtu akiuliza mnyama aliishije kabla ya kisu.

Nasema hili kwa heshima kwa ndugu zangu Waislamu, kwa sababu katika mafundisho yao nimekuta kitu ambacho sisi Wakristo tumekipoteza. Mtume Muhammad aliagiza, kwa mapokezi ya Imamu Muslim, kwamba wema umefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Sheikh mmoja aliyekuwa akija machinjioni kwetu alikuwa akimrudisha zizini ng'ombe aliyefika anahema kwa safari ndefu, mpaka atulie. Wenye mali walikasirika, kwa kuwa muda ni fedha. Yeye alisema kuchinja kunaanza pale mnyama anaposhuka kwenye gari. Mimi ningeirudisha hatua hiyo nyuma zaidi, hadi siku kifaranga anapotoka kwenye yai, na naamini yule sheikh asingenipinga.

Kuna mikono mingine inayosahaulika, ya wanaochinja na kukata. Mwishoni mwa 2015, Fort Morgan, Colorado, wafanyakazi Waislamu wapatao 150, wengi wao Wasomali, majirani zetu wa Afrika Mashariki, waligoma kwenye kiwanda cha nyama cha Cargill kwa sababu ya nafasi ya kusali, na wakafukuzwa kazi. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza shauri, bila kukiri kosa. Mtu aliyekimbia vita, akapata kazi ya kukata nyama mstari unaokwenda bila kusimama, akalazimika kugombania dakika chache za kumwabudu Muumba wake: nyama ile iliuzwa dukani, na mlaji pengine aliomba baraka juu yake.

Huku kwetu tuliwahi kuonjeshwa jinsi haraka ya soko inavyogeuza kosa la mmoja kuwa la wote. Mwishoni mwa 2010 homa ya nguruwe ya Afrika ilizuka Kyela, mpakani na Malawi, na mwaka uliofuata ilikuwa imeshafika Dar es Salaam. Ugonjwa huo hauambukizi watu, wakati ule haukuwa na chanjo, na nguruwe akiupata mara nyingi hufa. Kirusi kinakaa ndani ya nyama, kinasafiri nayo. Mfugaji akiona mmoja amekufa, mawazo ya kwanza ni kuwachinja waliobaki na kuwauza kabla hawajafa. Ni woga wa mtu maskini, ninauelewa. Lakini kila kilo iliyouzwa kwa woga ilibeba kirusi hadi kwa mfugaji mwingine, kwenye mabaki ya jikoni aliyowapa nguruwe wake. Kirusi cha aina hiyohiyo kiliingia Georgia mwaka 2007, na mwaka 2018 kikafika China, nchi yenye karibu nusu ya nguruwe wote wa dunia, na huko mamilioni kwa mamilioni walikufa au waliuawa.

Kiwanda hakiondoi hatari hiyo, kinaipa mabawa. Afrika Kusini, kati ya 2017 na 2018, bakteria wa listeria walitoka kwenye soseji za poloni za kiwanda kimoja cha Polokwane wakawaambukiza watu 1,060, na 216 wakafa, miongoni mwao watoto wachanga wengi. Chakula hicho ndicho mama wa kipato cha chini anachoweka ndani ya mkate wa mtoto. Hakuna aliyekusudia kuua. Kila mtu kwenye ule mlolongo alifanya kipande chake, na ndiyo sababu nasema maadili ya nyama ya leo ni magumu kuliko ya msibani Ikombe: kitendo kimekatwakatwa vipande vidogo mno kiasi kwamba hakuna anayejisikia amekitenda.

Hoja moja naipa uzito wote. Nyanda zetu za juu kusini zina chakula kingi na bado udumavu wa watoto ni mkubwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Kuku wa wiki sita ameshusha bei ya nyama, na mama ambaye zamani angeinunua Krismasi tu sasa anaweza kuinunua mwisho wa mwezi. Nani anisikilize nikimwambia aache? Simwambii aache. Mimi mwenyewe nakula nyama. Lakini bei ile imeshuka kwa sababu kuna anayelipa mahali pengine: kuku, mkataji, mgonjwa wa kesho. Na maskini ndiye atakayekosa dawa ya gharama pale ya kawaida itakaposhindwa. Kumtaja maskini ili tusiulize ni kumwongezea mzigo.

Ndiyo maana nawaomba wachungaji na masheikh waipeleke dhamiri yetu nyuma ya kisu. Kanisa linanunua nyama nyingi kuliko hoteli yoyote ya Kyela: sikukuu ya mavuno, kipaimara, mikutano ya dayosisi, semina za akina mama. Kamati ya chakula ikiamua kwamba haitanunua kuku wala ng'ombe asiye na kumbukumbu ya tarehe ya dawa ya mwisho, wafugaji wataanza kuandika tarehe mwezi huohuo. Mtoto wa kaka yangu ameniambia yeye angeandika, akiwa na mteja mmoja tu anayetaka kujua na aliye tayari kumwongezea kidogo kwa zile siku za kusubiri. Misikiti nayo ina futari na Idd. Hili halihitaji Bunge wala mfadhili.

Nawe ndugu msomaji, kabla hujatoa hela yako buchani au kwenye banda la kuku, uliza: mhuri uko wapi, kachinjwa wapi, kapewa dawa lini mara ya mwisho. Uliza kwa adabu, uliza kila mara, hata muuzaji akichoka. Na jibu lisipokuridhisha, nunua usipa.